Kwa nini Mumtaz aliacha filamu angali anapendwa?

Swali, kutoka Pangani

Wapenzi wa filamu za Kihindi, naomba mnifafanulie jambo linalonisumbua tangu utotoni. Marehemu mama alikuwa akinipeleka sinema ya Shan pale Ngara, Nairobi, jengo ambalo siku hizi ni Sarakasi Dome, na picha ya Mumtaz katika Brahmachari ya mwaka 1968 haijanitoka: anacheza na Shammi Kapoor, amevaa sari ya rangi ya chungwa iliyombana mwilini kwa mikunjo mingi, mtindo ambao baadaye ulipewa jina lake. Mama alinunua kitambaa cha rangi hiyo Biashara Street, akamsumbua fundi wiki nzima mpaka mikunjo ikalala alivyotaka. Sasa, mwaka 1974 filamu za Mumtaz zilikuwa zikivuma, na mwaka huo huo akaolewa na kuanza kuaga. Je, alichoka, au alilazimishwa?

Jibu, kutoka South B

Ndugu yangu, tuanze alikotoka. Mumtaz aliingia kazini akiwa mtoto, kisha kuanzia Faulad ya 1963 akawa akicheza na mwanamieleka Dara Singh katika filamu za mapigano zilizohesabiwa kuwa za daraja la chini, hivyo waigizaji wakubwa wakasita kusimama naye. Do Raaste ya 1969, aliyocheza na Rajesh Khanna, ndiyo iliyombadilishia mambo. Mwaka uliofuata alicheza Khilona, akiwa kahaba anayeletwa nyumbani ajifanye mke wa kijana aliyepotewa na akili, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Itazameni filamu hiyo kwa makini, kwa maana wengi humkumbuka kwa dansi tu, jambo ambalo mimi naliona ni kumdhulumu.

Kuhusu kulazimishwa, mwenyewe amesimulia hadharani kwamba Shammi Kapoor aliwahi kumposa, naye akakataa kwa sababu angetakiwa kuacha filamu. Msichana aliyekuwa bado anatafuta jina aliikataa ndoa ya ukoo mkubwa wa filamu kama ule wa Kapoor kwa ajili ya kazi yake; ndiyo maana naamini kwamba alipokubali kuolewa baadaye, alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta.

Jibu, kutoka Parklands

Nakubaliana na ndugu wa South B, ila niongeze la upande wetu huku. Mume wake, Mayur Madhvani, ni wa familia ile ile ya sukari ya Kakira, karibu na Jinja, ambayo ilipoteza mali yake Uganda pale Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mumtaz alihamia London, lakini hakuwaacha watayarishaji njiani: Aap Ki Kasam na Roti zilitoka mwaka huo huo wa 1974, na Aaina ikafuata mwaka 1977. Alirejea mara moja, katika Aandhiyan ya 1990, filamu ambayo haikupokelewa vizuri, akaona imetosha. Miaka ya baadaye aliugua saratani ya matiti, akapona.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Habari ya posa ile sikuijua, nami nilikuwa nimekwisha kuilaumu ndoa. Khilona nitaitazama Jumamosi hii pamoja na dada yangu, ambaye ndiye aliyerithi lile gauni la rangi ya chungwa.