Mwenye biashara aliyebaki baada ya Korona: ni mapenzi, kubanwa au wajibu?

Mwanagenzi:
Wenzangu, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi wenye biashara ndogo za Mombasa walivyoshikamana na biashara zao baada ya janga la Korona. Ninatumia nadharia ya Meyer na Allen ya mwaka 1991 kuhusu sababu za mtu kushikamana na mahali pake pa kazi, inayotenga aina tatu: anayebaki kwa kupenda, anayebaki kwa kuogopa hasara ya kuondoka, na anayebaki kwa kuona ana wajibu. Hata hivyo, hojaji yao ilitungwa kwa waajiriwa, ilhali mwenye duka hana wa kumpelekea barua ya kujiuzulu. Je, maswali hayo yanamfaa?

Mama Mishkaki:
Mwanangu, usomi huo sina, lakini ninauza mishkaki na viazi karai, biashara ambayo uhai wake wote huanza baada ya magharibi. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, watu wakitakiwa kuwa majumbani kuanzia saa moja jioni, wateja walikuwa wamekwisha kutoweka kabla mkaa haujashika. Na Ramadhani ya mwaka ule, ambayo ndiyo msimu wetu, ikapita vivyo hivyo. Sikuacha kwa sababu nilikuwa nimelipa gudwili ya kibanda, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, na fedha hiyo hairudi ukihama, tena nilidaiwa mkopo wa chama chetu cha akiba ambao wadhamini wangu ni majirani. Nilibaki kwa kubanwa. Leo ninabaki kwa kupenda, wala sioni haya kusema kwamba hali hizo mbili hazikuwa moja. Ukija na karatasi yako sasa, utaniandika mpenzi wa kazi tangu mwanzo, nayo haitakuwa kweli.

Mkufunzi wa Biashara:
Jibu la Mama lina thamani kuliko sura nzima ya mapitio ya maandishi. Maswali yanaweza kurekebishwa, ila uyaulize kwa vipindi: wakati wa kafyu, baada ya kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na sasa. Usijumlishe alama za aina tatu kuwa namba moja, kwa maana aliyebanwa na madeni na aliyependa kazi yake watatoka sawa. Zaidi ya hayo, watafute waliofunga, kwani ukiwahoji waliosalia peke yao utahitimisha kwamba kushikamana ndiko kulikowaokoa.

Fundi Cherehani:
Naongezea hilo la waliofunga. Mimi nilirudisha ufunguo wa duka kwa mwenye nyumba, nikaweka cherehani sebuleni nikashona barakoa, na wateja wakanilipa kwa M-Pesa, ambayo wakati huo haikutoza ada kwa kutuma hadi shilingi 1,000. Kwa daftari la kaunti nilikuwa nimefunga, lakini mwanafunzi wangu wa ufundi hakukosa kazi, kwa kuwa mzazi wake alimkabidhi kwangu. Huo ndio wajibu unaoutafuta, na haukuwa dukani.

Mwanagenzi:
Nawashukuru sana, Mama, Mwalimu na Fundi. Nitaondoa sharti la kuwahoji wenye leseni hai pekee, kisha nitauliza kwanza mhojiwa anahesabu nini kuwa biashara yake: kibanda, wateja, au watu anaofanya nao kazi.

Mama Mishkaki:
Na uje jioni, mwanangu. Asubuhi hutatukuta.