Gagarin hakutua na chombo chake: rekodi yake ni halali?

MLETA MADA
Wakuu, kwamba Yuri Gagarin ndiye binadamu wa kwanza kufika anga za juu, Aprili 12, 1961, sibishi. Nabishia rekodi. FAI, shirikisho la kimataifa linaloidhinisha rekodi za anga, lilitaka rubani atue akiwa ndani ya chombo. Chombo chake, Vostok 1, kiliposhuka hadi kama kilomita 7, kiti kilimfyatua nje, akatua na parachuti yake mkoani Saratov. Chombo kikatua kivyake. Wasovieti wakaiambia FAI kwamba alitua nacho. Rekodi ya namna hiyo inasimamaje? Wiki tatu baadaye, Mmarekani Alan Shepard alitua baharini ndani ya Freedom 7, watu wakifuatilia kwenye televisheni.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Shepard huyo wa dakika 15? Alipanda kilomita 187, akashuka. Dunia hakuizunguka! Gagarin aliizunguka, dakika 108 toka kituo cha kurushia cha Baikonur hadi mashambani. Halafu sharti lenyewe lilitungwa kwa ajili ya ndege. Vostok haikuwa na roketi za kupunguza kishindo cha kutua. Ukibaki ndani unaumia vibaya. Kumfyatua ndiyo ilikuwa njia yao ya kumrudisha mzima. Na Titov, mwanaanga mwingine wa Kisovieti, alipokiri, baada ya safari yake ya Agosti mwaka huohuo, kwamba naye aliruka nje, FAI ililitazama upya sharti na rekodi zikabaki.

MLETA MADA
Kama njia ilikuwa halali, walificha nini? Hapo ndipo hamnijibu.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi nauliza Gagarin aliendesha nini. Madaktari waliogopa kwamba mtu akikosa uzito akili itamruka, basi usukani ukafungwa kwa namba ya siri, 125, ikatiwa kwenye bahasha. (Wakubwa walimnong'oneza mapema, eti siri!) Shepard aligeuza chombo kwa mkono wake. Kuhusu uwazi namuunga mkono mleta mada: Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Februari 1962, moja ya vituo vilivyoongea naye kwa redio kilikuwa Unguja, Tunguu. Ukiweka mitambo yako kwa watu, utaficha nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Uwazi huo Waunguja wenyewe hawakuuamini, wapo waliokipinga kituo wakihofia makombora. Tena unamsifu Shepard kwa usukani, mbona sokwe Ham alitangulia kuruka na Mercury, chombo cha aina ileile ya Shepard, Januari 1961? Usukani alishika nani?