Mkopo wa kikundi wa binti yetu

Wifi: Shikamooni. Binti yetu ana cherehani moja, anataka mkopo wa kikundi aongeze mashine ya ovaloki (ya kufunga kingo za nguo) na vitambaa. Hawaombi hati ya nyumba, ni wanawake watano wanadhaminiana. 120,000, riba 20%, mwaka mmoja, marejesho kila wiki. Mnasemaje?

Shangazi: Marahaba. Hiyo 20% inapigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, au kwenye deni lililobaki? Asisaini kabla hajajibiwa hilo.

Wifi: Kwani inaleta tofauti?

Shangazi: Kubwa sana. Tuchukulie analipa kwa mwezi. Ikipigwa kwenye mkopo wote, riba ni 24,000 na rejesho ni 12,000. Ikipigwa kwenye deni linalopungua, rejesho ni kama 11,116 na riba yote haifiki 13,400. Zote mbili wanaziita 20%! Ile ya kwanza, ukiihesabu kwa deni linalopungua, ni karibu 35% kwa mwaka.

Dada Mkubwa: Aulize pia wanachokata kabla ya kumpa. Ada ya fomu, bima, akiba ya lazima. Wakizuia 10% anaondoka na 108,000 huku riba ni ya 120,000.

Mama Mdogo: Msimtishe mtoto jamani. Benki bila dhamana hampati kitu. Muhammad Yunus alianza kuwakopesha watu wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, na mradi wake huo, Grameen, ukawa benki rasmi 1983. Wakopaji wake karibu wote ni wanawake, na hawakuweka dhamana ya mali.

Shangazi: Kweli kabisa. Ila 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita kuhusu mikopo midogo, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Baadhi ya wakopaji walipanua biashara, lakini kwa wastani kipato cha kaya hakikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Kule India, walionufaika zaidi ni waliokuwa na biashara tayari. Binti yetu anayo, ndiyo maana mimi simkatazi.

Dada Mkubwa: Mimi naogopa mgawanyo wa hela. Akimalizia yote kwenye ovaloki, atakuwa na mashine nzuri isiyo na uzi, zipu wala kitambaa, na rejesho la wiki linaanza wiki inayofuata. Mashine inarudisha hela polepole, kitambaa kinageuka haraka. Ovaloki iliyotumika lakini nzima inatosha. Aijaribu kwa kitambaa chembamba na kizito, aangalie kama inaruka mishono na kama visu vinakata safi. Kinachobaki kiwe mtaji wa kuzungusha, na marejesho ya wiki nne ayaweke pembeni asiyaguse.

Wifi: Rejesho la wiki ni ngapi hapo?

Dada Mkubwa: 144,000 gawa kwa 52, kama 2,770. Alinganishe na faida ya wiki mbovu, baada ya kodi, umeme na nauli. Asitumie wiki ya sikukuu.

Shangazi: Aombe muda kabla ya rejesho la kwanza. Huko Kolkata, India, waliopewa miezi miwili waliwekeza zaidi, na baadaye faida yao ikawa kubwa kuliko ya walioanza kulipa mapema. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo maana wakopeshaji wengi hawautoi kirahisi.

Wifi: Na mmoja kati ya watano akikwama?

Shangazi: Wanne wanamlipia. Kwa hiyo awachague mwenyewe, asikubali kupangiwa. Wasiwe mafundi nguo wote watano, kazi ikipungua watakwama pamoja. Na ajue nani ana mkopo kwingine. Andhra Pradesh, India, wengi walikuwa na mikopo ya wakopeshaji kadhaa, wengine wakilipa huu kwa ule. 2010 serikali ya jimbo ikabana ukusanyaji wa madeni, marejesho yakaporomoka.

Mama Mdogo: Pesa iingie kwenye akaunti yake ya simu, asipewe taslimu. Uganda ilipimwa hivyo: wanawake waliopokea mkopo kwenye akaunti zao wenyewe walipata faida zaidi, kwa sababu hela haikuishia kwa ndugu kabla ya kufika kwenye biashara.

Wifi: Asanteni sana. Kesho anakutana na afisa mikopo, aende na nini?

Shangazi: Aende na kalamu. Aombe ratiba ya marejesho kwa maandishi, yenye safu ya mtaji na safu ya riba kwa kila wiki. Riba ikiwa ileile toka wiki ya kwanza hadi ya 52, inapigwa kwenye mkopo wote. Apige picha aiweke hapa.