Mjadala: Je, sheria imlazimishe mkazi wa Kagera kufunga lenta?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo tangu tetemeko la ardhi la Septemba 2016 imekuwa ikirudi kwenye misiba na vijiweni mkoani Kagera bila kuamuliwa. Je, sheria ilazimishe kila nyumba ya tofali inayojengwa mkoani humo kufungwa lenta ya nondo, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, juu ya milango na madirisha, au mwananchi aachiwe ajenge kadiri ya mfuko wake? Msimamo wangu ni kwamba ilazimishe, lakini atakayebanwa awe fundi, si mwenye nyumba.

Tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa la ukubwa wa 5.9, nalo lilianzia upande wa Nsunga wilayani Missenyi, kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi. Watu 17 walifariki, zaidi ya 400 wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka kabisa na nyingine zaidi ya 14,000 zikaharibika vibaya. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Kwa vipimo vya wataalamu hilo ni tetemeko la wastani tu, na ndiyo maana jambo la kutushangaza si nguvu yake bali wingi wa kuta zilizoshindwa kulihimili.

Siku chache baadaye nilifika kwa mama mkubwa wangu, Missenyi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imepigwa lipu nje na ndani, na kwa macho ya kijiji ilikuwa nyumba bora. Ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa ilikuwa imeng'oka yote na kulala juu ya kitanda chake, na pembe mbili za nyumba zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha mkono. Nikaokota tofali moja. Lilitoka safi, halina hata chembe ya udongo iliyoling'ang'ania, kwa sababu kozi zote, yaani safu za matofali, zilikuwa zimejengwa kwa tope na ile lipu nzuri ilikuwa imefunika tu. Yeye mwenyewe alinusurika kwa kuwa alikuwa nje akigeuza kahawa kwenye mkeka. Jiko lake la miti na udongo, lililoegemea migomba nyuma ya nyumba, halikuwa na ufa wa kutajwa.

Wapo wanaosema kwamba yale yalikuwa mapito ya mara moja na kwamba Kagera si nchi ya matetemeko. Ramani haikubaliani nao. Bonde la Ufa lina mikono miwili: ule wa mashariki unaopita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ule wa magharibi unaofuata Ziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Katikati limebaki pande kubwa la miamba ya kale lililobeba Ziwa Victoria, nalo linajizungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa. Kagera iko juu ya pande hilo, karibu na ukingo wake wa magharibi, na msukosuko wa huko hautuachi.

Historia nayo ipo kwa atakayeitafuta. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, lililotoa nishati zaidi ya mara 150 ya lile letu la 2016, na kama hatulikumbuki ni kwa sababu wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Machi 1966 lilikuja la Toro, mpakani mwa Uganda na Kongo, likaua watu zaidi ya 100. Februari 1994 Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ikatikiswa tena. Desemba 2005 likatokea la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Majirani zetu Waganda wana mungu wao wa matetemeko, Musisi, na neno hilohilo ndilo jina la tetemeko lenyewe. Watu hawaweki mungu kwa jambo ambalo halijawahi kuwafikia.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Bukavu na Rusizi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, tarehe 3 Februari 2008. Ukubwa ulikuwa 5.9, sawasawa na wetu, ila siku ilikuwa Jumapili na baadhi ya watu walikuwa kanisani. Upande wa Rwanda peke yake walikufa zaidi ya 30. Sisi tulipigwa alasiri ya Jumamosi, wengi wakiwa shambani, sokoni au uani. Tetemeko lilelile lingekuja saa nane usiku, sidhani kama leo tungekuwa tunaitaja idadi ya 17.

Rais John Magufuli alipofika Bukoba Januari 2017 alieleza kwamba Serikali itarudisha miundombinu ya umma na kwamba kila mwananchi atajijengea nyumba yake. Wengi walikasirika. Mimi naona msimamo ule unaweza kutetewa, lakini una deni ndani yake: ukimwambia mtu ajijengee mwenyewe mahali unapojua patatikisika, basi mhakikishie kwamba fundi atakayemjengea anajua kazi. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Mwanafunzi anayelala salama pale bwenini anarudi likizo kulala chini ya ukuta wa tope ambao jirani zake wameuinua upya kwa matofali yaleyale yaliyoanguka.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakupa pole kwa yaliyompata mama mkubwa, lakini hoja yako inamsahau mwenye kibanja, yule wa shamba la migomba na kahawa. Mtu anayeuza kahawa maganda mara moja kwa mwaka hujenga kwa kuongeza kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu mabati. Nondo nne za milimita 12 kuzunguka nyumba nzima, pamoja na ringi, saruji, kokoto na mbao za kufungia zege, ni mwaka mwingine mzima wa kulala kwa ndugu. Tena tangu 2016 mkoa huu umezika watu wengi kwa malaria na kwa pikipiki, na hakuna aliyepigwa faini kwa kukosa chandarua.

Lipo pia jambo ambalo umelipita haraka. Kijijini hakuna anayeomba kibali cha ujenzi, na siku utakapoweka sheria hiyo, atakayekuja kukagua lenta atakuja akiwa na njaa yake. Atapewa kitu, ataondoka, na ukuta utabaki wa tope. Kumsogezea fundi mzigo hakubadilishi lolote, kwani fundi ataupeleka kwenye bei. Mimi nasema elimu itolewe, na sheria isubiri.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi ni fundi, nina miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii. Naomba niseme mawili tu. Kwanza, lenta bila pembe zilizoshikana ni mkufu shingoni mwa mgonjwa; kama matofali ya kona hayakupishana kozi kwa kozi, nondo za juu hazitaokoa kitu. Pili, kwa nyumba ndogo ya vyumba viwili mkanda wa mbao ngumu, uliounganishwa vizuri kwenye pembe na kufungwa kwenye ukuta kwa waya, ni bora mara nyingi kuliko kutokuweka chochote, na ile pembetatu ya juu si lazima iwe ya tofali. Izibwe kwa bati au mbao. Bati likianguka kitandani mtu anaamka na mchubuko. Wateja wangu wengi hukataa kwa sababu wanaona nyumba ya namna hiyo inaonekana ya kimaskini.

Mleta mada:

Nakubali kosa moja. Niliposema lenta ya nondo kwa kila nyumba niliandika kama mtu aliyesimama mjini Bukoba, na maneno ya ndugu fundi yamenisahihisha. Sheria ninayoitaka sasa ni nyembamba zaidi: mkanda wa aina yoyote inayokubalika, uwe wa zege au wa mbao, pembe zilizopishana, na marufuku ya pembetatu ya tofali isiyofungwa juu ya chumba cha kulala. Hilo la mwisho linapunguza gharama badala ya kuongeza.

Kuhusu malaria, ndugu mchangiaji wa pili, chandarua hugawiwa bure kliniki kwa mama mjamzito, kwa hiyo mfano wako unanisaidia mimi kuliko wewe. Kwa nini Serikali isichangie mkanda kama inavyochangia chandarua? Kuhusu mkaguzi mwenye njaa sina jibu kamili, na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kwamba mafundi wa kijiji hawazidi vidole vya mikono miwili na kila mtu anawafahamu kwa majina. Wakifundishwa siku chache kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA, wakapewa cheti, na majina yao yakabandikwa ofisi ya kijiji, mwenye nyumba atakuwa na kitu cha kuuliza kabla hajatoa malipo ya awali. Aliyeinua kuta za mama mkubwa bado anajenga, na mwezi uliopita nilimkuta akianza msingi mwingine barabara ileile. Nilimuuliza udongo wa kujengea anautoa wapi, akanionyesha shimo nyuma ya kiwanja.