Mjadala: kwenye minara ya vita vijijini, tuandike majina au idadi inatosha?

Wandugu wa Bukavu na wa teritwari zote, naleta swali hili kwa sababu kila tarehe 2 Agosti tunasikiliza hotuba za Genocost, kumbukumbu ya wahanga wa mauaji ya hapa Kongo, kisha tunarudi nyumbani. Siku hiyo imewekwa na sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, ile ya fidia kwa wahanga. Sawa. Mimi nauliza habari ya jiwe lenyewe: liandikwe nini?

Siku moja lori letu lilikwama matopeni kule juu, baada ya Burhale, tukienda Kamituga. Pembeni ya barabara palikuwa na mnara mdogo wa saruji. Mbuzi amefungwa kwenye nguzo yake, na kwenye ngazi mama mmoja ameanika muhogo. Maandishi ni ya Kifaransa, nusu yamefutika, kilichobaki kinasomeka ni namba tu. Nikamuuliza, mama, hii ni nini? Akasema ni kaburi la baba yake na wengine. Nikauliza jina la baba liko wapi. Akacheka kidogo, akaendelea kugeuza muhogo wake.

Mauaji ya kijiji cha Kasika, tarehe 24 Agosti 1998: Mwami Mubeza, chifu wa pale, na mkewe tunawataja, padri na masista tunawataja. Waliobaki tunasema "mamia", wengine "elfu". Mauaji ya Makobola, mwaka ulipokuwa unageuka kuingia 1999, vilevile. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka 2010 kuhusu uhalifu mkubwa uliofanyika Kongo, inahesabu matukio 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na tukio moja linaweza kubeba kijiji kizima. Hapa mjini, Askofu Munzihirwa aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, na hata mtoto atakuonyesha mahali. Ni haki yake. Na mkulima aliyeuawa akitoka shambani?

Msimamo wangu: majina yote, kwa Kiswahili au lugha ya kijiji, kabla hatujagombania neno lingine lolote. Karibuni.

Mwalimu, Mwenga:
Papa, umesema vizuri, lakini hujawahi kuandika hiyo orodha. Mimi nimejaribu. Mtu ana jina la ubatizo parokiani na jina la nyumbani kijijini, ukihesabu vibaya anakufa mara mbili. Waprotestanti hawamo kwenye kitabu cha parokia. Watoto waliokuwa hawajabatizwa hawamo popote. Halafu kuna mchuuzi aliyelala kwa watu usiku ule ili asubuhi aende soko, hakuna aliyemjua kwao ni wapi. Mahali fulani niliandika "mama Furaha na watoto wanne" nikaachia hapo, kwa sababu aliyenisimulia hakukumbuka zaidi. Jiwe likishachongwa halisahihishwi. Daftari linasahihishwa.

Kijana wa Bagira:
Majina ya waliokufa bila jina la aliyewaua! Hilo ni jiwe la mafuriko, wandugu. Mpita njia atadhani mto ulipanda. Ripoti ya Mapping imetaja majeshi na makundi, sisi tunaogopa kuyataja juu ya makaburi yetu wenyewe? Na tangu Februari 2025 mji wetu uko mikononi mwa nani, mnajua. Msiniambie habari ya rangi na saruji.

Mama wa Panzi:
Mtoto wangu wa Bagira, hasira yako naielewa. Ila fikiria wale wanawake wa Mwenga waliozikwa wakiwa hai Novemba 1999, baada ya mateso ambayo siyaandiki hapa. Mnataka kuchonga majina yao kando ya barabara, kila dereva asome? Watoto wao ni watu wazima, wameoa, wameolewa. Familia moja itakubali, nyingine itakataa, na inayokataa isiitwe yenye woga. Waulizwe kwanza. Sisi tunapenda sana kuamua kwa niaba ya walio kaburini.

Mkazi wa Kadutu:
Swali fupi. Majina yote ya nani? Wakimbizi wa Rwanda waliouawa msituni mwaka 1996 nao? Wanyamulenge, Watutsi wa hapa Kivu Kusini, waliouawa na majirani zao nao? Mapping inawataja wote. Kama jibu ni hapana, basi tuseme wazi kwamba tunajenga mnara wa upande mmoja.

Aliyeanzisha:
Wa Kadutu, jibu langu ni ndiyo, kila mahali waandikwe waliouawa pale. Najua nitatukanwa. Wa Bagira, sipingi muuaji atajwe. Ila jina la jeshi hubandikwa na kubanduliwa kadiri anayetawala mji anavyobadilika, nimeona mabango mangapi hapa Bukavu. Jina la baba wa mtu hakuna anayekuja usiku kulifuta.

Mama wa Panzi amenishinda, nakubali: familia ikikataa, nafasi ibaki wazi. Na mwalimu pia: daftari kwanza, likae kijijini, nakala moja Bukavu, mistari iachwe kwa ajili ya watakaokumbukwa baadaye. Mimi nitalipia daftari mbili. Nitaanza na yule mama wa muhogo, maana nilimuuliza jina la baba yake liko wapi, sikumuuliza jina lenyewe.