Naomba ushauri: mji wa mlangoni mwa Mto Zirani

Wadau wa Mombasa, nachora ramani ya bonde la kubuni. Mto Zirani una kilomita 400, chimbuko lake liko mita 2,000 juu, na mlangoni pana mji wa mawe wa miaka 600. Majoka ya hadithini hayanisumbui, kinachonisumbua ni tope. Mto wa milimani hushusha udongo mwingi, tazameni mto Sabaki unavyotia wekundu bahari ya Malindi. Bandari ingezibika mapema, majahazi yakwame. Je, niuhamishie mji kisiwani penye mlango wa kina kirefu, kama Mvita (kisiwa cha Mombasa), au mto ndio uhame, mji ubaki magofu? Na wakulima wa mpunga: bamvua (maji makuu ya bahari, mwezi mpevu au mwandamo) ikipanda mita 3 na nusu, chumvi itaingia mtoni umbali gani kiangazi?