Mzee ana sukari na moyo ulimshika, sasa anataka kuacha dawa ya mafuta

Binti_Jinja:
Habari zenu wapendwa. Mzee wetu ana sukari kitambo, juzi juzi moyo ukamshika akiwa shamba huko Bugiri, na kifua hakikumuuma hata kidogo, alikuwa anatoka jasho na kuhema tu sisi tukadhani malaria. Tukafika Uganda Heart Institute pale Mulago wakamzibua mshipa wakaweka stenti (kibomba cha kuushika mshipa uwe wazi), sasa yuko nyumbani. Shida ni mfuko wa dawa: metformin, glibenclamide, aspirin ndogo, clopidogrel, atorvastatin 40 (hiyo ya mafuta ya damu), bisoprolol, ramipril. Shemeji kasoma kwa simu kwamba atorvastatin inapandisha sukari, na vile kipimo cha mafuta kimerudi kizuri mzee anasema hiyo ataacha. Sukari ya asubuhi inasoma 4.2, siku nyingine 3.6, anafurahi kweli. Usiku tu anaamka fulana imelowa. Mnaonaje?

Nesi_Mbale:
Pole dada. Hiyo 3.6 si ya kufurahia kabisa. Mtu anayemeza dawa ya sukari akishuka chini ya 4 tayari ni hatari, na kwenye huo mfuko mimi namshuku glibenclamide kwanza, maana inasukuma kongosho itoe insulini hata kama mzee kalala bila kula vizuri, metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Halafu bisoprolol inaficha moyo kwenda mbio, ile dalili wengi wanaitegemea kujua sukari imeshuka, lakini jasho haifichi, ndo hiyo fulana. Akiamka hivyo usimwache alale, mpime hapo hapo, ikiwa chini ya 4 mpe nusu glasi ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari jamani) ama vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwa maji, ngoja dakika 15 upime tena, ikipanda ale kitu. Na kama anatoka jasho na sukari iko sawa, ama anahema, kimbieni hospitali usiku huo huo, si umesema hata mara ya kwanza kifua hakikuuma? Wenye sukari neva zao zimechoka, moyo unaweza kushika kimya kimya. Asubuhi mpigie daktari wake kuhusu glibenclamide, msingoje siku ya kliniki.

Mstaafu_wa_Arua:
Mimi pia nina stenti na sukari. Binti yangu, mafuta ya mzee yamekuwa mazuri KWA SABABU anameza dawa, akiacha yatarudi. Na hiyo "nomo" (kiwango cha kawaida) ya karatasi ya maabara ni ya mtu ambaye moyo haujamsumbua, sisi tulioshikwa madaktari wanataka kolesteroli mbaya, LDL, iwe chini ya 1.4 mmol/L. Shemeji hajadanganya, sukari inapanda kweli ila kidogo tu, faida kwa moyo ni kubwa kuliko hiyo. Clopidogrel ndo msiguse kabisa bila daktari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Na mzee akiumwa magoti asinunue diclofenac dukani, kwa moyo ni mbaya.

Kijana_wa_Kampala:
Naongezea. Watu wanadhani sukari ikishuka zaidi ndo moyo unapona, lakini kuna utafiti wa Marekani na Kanada unaitwa ACCORD, 2008 walisimamisha lile kundi la kubanwa sukari sana maana walikuwa wanakufa zaidi kuliko wenzao. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikikaa kwenye asilimia 7, kwa mzee hata juu yake kidogo, wengi wanaridhika. Presha chini ya 130/80. Muulizeni daktari pia kuhusu empagliflozin, dawa nyingine ya sukari, hiyo tangu 2015 inajulikana inapunguza vifo vya moyo kwa wenye sukari na peke yake haiangushi sukari hivyo, ila bei mtaisikia wenyewe.

Binti_Jinja:
Asanteni sana. Usiku tulimpima ikasoma 3.1!! Soda ikampandisha. Daktari kasema glibenclamide aache leo leo, arudi wapange upya, atorvastatin aendelee. Mzee kakubali lakini kwa sharti, anataka kujua rolex (chapati ya kukunjwa na mayai) ya jioni inaruhusiwa ama vipi.

Nesi_Mbale:
Mayai sawa, chapati nusu, na mwambie huyo wa barabarani apunguze mafuta. Posho (ugali) na matooke (ndizi za kupika) visijae sahani, aweke maharage na dodo (mchicha, si embe) nyingi.